Siku Niliyoning'iniza Gari la Mudiri

Yule mtu alikula kwetu miaka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichoma kuliko yote, hata kuliko mguu wa mjomba. Alifika Jeddah kijana, peke yake, mtu wa pwani kama sisi, hana mama wala dada wa kumpikia. Mjomba akamleta nyumbani, mtaa wa Ghulail, jioni moja akamwambia mama, "Dada, ongeza sahani." Tangu siku ile sahani ikawa yake. Mama alimfulia kanzu zake pamoja na zetu. Alipougua homa alilala kwenye godoro langu, mie nikalala chini, na mama akamkanda kichwa kwa kitambaa cha maji kama mwanawe wa kumzaa.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyetulea. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, na baba hakutoka nasi. Zaidi ya hapo mama hakupenda kusema, na mie sitasema. Jeddah mjomba alipata kazi ya uhamali bandarini. Siku zile meli zilipakuliwa kwa migongo ya watu. Mjomba alikuwa mkuu wa genge, na kazi yake kubwa ilikuwa kuimbisha: yeye anatoa sauti, wenzake wanaitikia, na miguu inakwenda kwa ile sauti mpaka mzigo unasahaulika. Gengeni walikuwamo Wahadhrami, Wasudani, Wahausa, watu wa Lamu na wa Pemba, na wote waliitikia kwa Kiswahili, hata wasiokijua. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyoadhini katika msikiti mdogo wa mtaani kwetu. Majirani walikuwa wakisema alfajiri ya Ghulail haiingii mpaka mjomba akohoe.

Nilipopata mgongo wa kubebea, nami nikaingia gengeni.

Kisha mali ya mafuta ikamwagika. Mtu ambaye hakuyaona mambo yale ni vigumu kumweleza. Nchi nzima ilitaka kujengwa kwa pamoja, na kila kitu cha kujengea kilitoka nje kwa meli, na meli zote zilitaka kuingia bandari moja. Ukipanda juu ya paa la nyumba ya Balad, mji mkongwe, uliziona zimejazana baharini mpaka macho yanakoma, zinangoja zamu mwezi baada ya mwezi. Saruji iliganda ndani ya meli kabla ya kuonja nchi kavu. Zikaletwa helikopta kuibeba mifuko kutoka huko huko melini, vumbi linamwagika njiani, na wanawake wa mtaani wakawa wanakimbia kuanua nguo kila wakisikia mngurumo. Matajiri wa Balad wakaziacha zile nyumba zao za mawe ya matumbawe, wakahamia kaskazini kwenye majumba ya zege na viyoyozi, na vyumba vyao wakapanga watu kama sisi, chumba kimoja familia moja.

Kijana wetu, yule wa sahani, alikuwa na mwandiko mzuri wa Kiarabu. Mjomba akampeleka kwa wenye kampuni ya kupakua shehena, akasema, "Huyu ni mwanangu, mimi namjua." Akapewa ukarani. Kwa jinsi kazi zilivyokuwa nyingi haikuchukua muda akawa msimamizi wa gati zima, mudiri, kama alivyotaka aitwe. Akaoa kwa wenyeji, akapata uraia, akahama Ghulail. Hayo hatukumwonea wivu. Mama alipiga vigelegele siku ya harusi yake.

Lakini siku moja mjomba alimsalimu gatini kama alivyozoea, "Hujambo, mwanangu?" na mudiri alikuwa amesimama na wakubwa wake. Akamtazama mjomba kutoka kilembani hadi miguuni, akajibu kwa Kiarabu, "Esh tibgha?" Unataka nini? Mjomba akacheka, akadhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Tangu siku hiyo yule mtu hakusema Kiswahili tena. Ukimsemesha anakutazama kama umebweka.

Kreni ya kwanza ya gati letu ilikuja mwaka huo huo. Kuiendesha akapewa shemeji yake mudiri, ambaye hata gari hakuwa akilijua vizuri. Kreni inashusha wavu wa mifuko, na sisi genge tunasimama chini kuupokea, kwa sababu mudiri alitaka meli itoke upesi, nyingine iingie. Mjomba alimfuata mbele yetu sote, akamwambia kwa Kiarabu, maana Kiswahili hakikusikika tena, "Hapa chini si mahali pa kusimamisha watu. Ngojeni mzigo ukae, ndipo sisi tuingie."

"Yalla, yalla," upesi upesi, mudiri akajibu, na mkono anautikisa kama anafukuza nzi.

Wavu ulipasuka asubuhi hiyo hiyo. Mifuko ile ilikuwa saruji iliyoganda, kwa hiyo iliyoanguka ilikuwa mawe. Wengine tuliruka. Mjomba jiwe moja lilimpata nyonga na paja. Mie ndiye niliyemtoa, na mtu wa Lamu mmoja tuliyekuwa naye gengeni. Mjomba hakulia. Alikuwa anauliza tu, "Wenzangu wote wametoka?"

Wakubwa wa kampuni wakaja mbio wakauliza imekuwaje. Mudiri hakutazama juu kwenye kreni, alikokaa shemeji yake. Alimwonyesha mjomba kwa kidole akasema, "Sakran."

Amelewa.

Mjomba, ambaye hata siki alikuwa akiinusa kwanza. Na katika nchi ile, ambako neno hilo linampeleka mtu gerezani, kisha linamrudisha kwao, na sisi kwetu hatukuwa na pa kurudi. Polisi walikwenda hospitali wakamnusa kinywa akiwa amelazwa, wakaona hamna kitu, wakaondoka. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Lilifika Ghulail kabla ya mjomba. Wazee wa msikiti wakaja kumwona, wakakaa ukingoni mwa kitanda kwa adabu zote, wakasema ni vizuri apumzike na adhana kidogo, mpaka maneno yapoe. Mwanamke aliyekuwa akileta bintiye kwa mama kufundishwa juzuu akaacha kumleta. Mjomba akageukia ukuta. Mguu ulipona ukiwa mfupi, na yeye hakutoka nje. Genge likavunjwa, kwa sababu kreni zaidi zilikuja, na aliyekuwa na haja na waimbaji hakuwapo tena.

Nilikwenda ofisini kwa mudiri. Nilijikaza nisimrukie. Nikamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Umekula sahani ya mama yangu. Nenda kawaambie tu kwamba hakulewa. Sitaki kingine."

Akamwita mlinzi. "Mtoe huyu," alimwambia kwa Kiarabu. "Simwelewi anasema nini."

Nikatoka. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshakata shauri kwamba yule mtu atasema, na atasema kwa lugha yake mwenyewe, hata kama itanichukua umri wangu.

Nikapanda basi kwenda Riyadh. Huko nako kulikuwa kama mtu amevuruga kichuguu. Mji mzima umechimbwa, upande huu wanabomoa nyumba za udongo, upande ule wanainua ghorofa. Hewa ni kavu, midomo inapasuka, na mtu aliyezoea bahari anahisi kama amefungiwa ndani ya tanuri. Nilianza kwa kuchanganya zege kwenye jengo moja la serikali. Nilikuwa nikimaliza kazi yangu naenda kukaa chini ya kreni kumwangalia mwendeshaji, Mkorea wa makamo, mkimya. Siku moja akaniashiria nipande.

Hatukuwa na lugha. Alinifundisha kwa vidole na kwa kunipiga makofi ya mkono nilipokosea. Aliweka gilasi ya chai juu ya ubao kule chini, akanitaka nishushe ndoano mpaka iiguse bila kuivunja. Nilivunja gilasi nyingi, na muuza chai akawa ananilaani kila akiniona. Mkorea alidhani nina hamu ya kujua kazi. Kilichonikalisha mle kibandani, kwenye joto lile, wenzangu wamelala mchana, kilikuwa kitu kingine. Kila gilasi niliitazama na kumwona yule mtu amesimama pale. Ilifika siku nikaweza kushusha pipa la zege kando ya kidole cha mguu cha mtu bila yeye kustuka.

Nikarudi Jeddah nikiwa na kazi mkononi. Bandari imetanuliwa, magati mapya, na kampuni ya kigeni iliyochukua kreni kubwa ilikuwa inatafuta waendeshaji kama mtu anavyotafuta maji. Nikapangiwa gati la yule yule. Mwaka ukaingia mwingine, binti wa mudiri akafikia kuolewa, na mudiri alipita chini yangu kila siku, amenenepa, ana tasbihi ya kaharabu na mtu wa kumbebea mwavuli. Hakunitambua. Hakuna anayeutazama uso wa mtu wa kreni. Watu huitazama ndoano.

Je, niliwahi kufikiria kumwangushia mzigo? Niliwahi. Niliwahi sana. Mara nyingi nilimwona yupo sawasawa chini ya ndoano, na mkono wangu ukawa mzito juu ya chuma cha kushushia. Kilichonizuia si huruma. Niliona kwamba kufa ni kitu cha mara moja, na mie nilitaka akae ndani ya aibu kama mjomba alivyokaa, aijue kila pembe yake.

Yule mtu wa Lamu aliyenisaidia kumtoa mjomba alikuwa bado yupo, siku hizo anafagia gati. Ndiye aliyeniletea habari. Alipanda ngazi ya kreni akijifanya anafuta mafuta.

"Gari la mudiri wako limo kwenye meli hii," aliniambia. "Kaliagiza Amerika. Anamwoza bintiye Riyadh, na wakwe wamefunga safari waje kuliona likishuka. Atawapandisha humo humo."

"Lini?"

"Kesho. Kabla ya adhuhuri."

Nikamwambia, "Kesho usiwe mbali."

Lilikuwa gari refu, rangi ya samli, vyuma vyake vinamemetuka. Mabaharia walilifunga mikanda chini ya tumbo, mie nikalipandisha polepole. Chini mudiri alikuwa amevaa bishti, joho jeusi lenye ukingo wa dhahabu, na ubavuni mwake wazee watatu wa Riyadh na vijana wao. Alikuwa anawaeleza kitu, mkono unaonyesha juu. Makuli wa gati, wengi wao watu wa pwani, wakaacha kazi kutazama.

Nilikuwa nimepiga hesabu yangu ya adhuhuri kwa kivuli. Gari lilipofika katikati ya meli na gati, juu ya ule mfereji mwembamba wa maji machafu, adhana ikalia. Katika nchi ile adhana ikilia kazi husimama, na hakuna mkubwa wa kusema vinginevyo. Nikazima injini.

Kule chini mudiri akainua uso. Wakwe zake walikuwa wameshaanza kwenda bombani kutia udhu. Angesema nini, waache swala kwa ajili ya gari? Akaenda nao. Wakapanga safu pale pale gatini kwenye mikeka, na mie nikaswali kule juu nimekaa, maana kibanda hakina nafasi ya kusimama. Nilipotoa salamu nikamtazama. Watu wote wamekaa kwenye tahiyatu wametulia, na yeye kila upepo ukivuma na gari likizunguka kidogo, shingo yake inageuka. Swala yake ya siku ile aijuaye ni Mungu.

Walipomaliza akaja chini ya kreni.

"Nazzil!" akapaza sauti. "Yalla, nazzil!" Shusha.

Nikatoa kichwa dirishani. "Sikusikii!" nikajibu kwa Kiswahili. "Sema kwa Kiswahili!"

Akasimama kama aliyemwagiwa maji. Sasa ndipo alipoutazama uso wangu. Nilimwona ananikumbuka, nilimwona, na hata leo nikiumwa au nikikosa usingizi nauita uso ule uje unifurahishe.

"Nazzil, ya himar!" akapiga kelele, ananiita punda. Mkono wangu ukagusa chuma, injini ikaamka, na gari likashuka ghafla, karibu na maji, likasimama. Watu wote gatini wakatoa sauti moja. Mmoja wa wale wazee wa Riyadh akashika kichwa.

"Sikusikii," nikasema tena. "Nani alilewa siku wavu ulipopasuka? Sema kwa lugha uliyolishwa nayo!"

Akatazama kushoto na kulia. Makuli walikuwa wamesogea karibu. Askari wa lango alikuwa mbali, na hata angekuja, gari lingeshushwa na nani? Mwendeshaji ni mie. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kilemba, bishti imemwanguka bega moja.

"Shusha gari, tafadhali," akasema. Kwa Kiswahili. Kilitoka kimekwaruza, lakini kilikuwa Kiswahili cha kwetu, kile kile alichoombea chumvi kwenye mkeka wa mama.

"Kwa sauti! Mjomba alilewa?"

"Hakulewa!"

"Nani alisema kalewa?"

"Mimi!" Alikuwa karibu kulia. "Mimi nilisema. Nilisema uongo. Shusha gari, ndugu yangu, nakuomba."

Mkwe mmoja akauliza kwa Kiarabu huyu anasema nini, na ni lugha gani hii. Mtu wa Lamu akaweka fagio chini, akajongea kwa heshima, akamtafsiria lote, neno kwa neno, mzee aliyeumia, wavu, shemeji kwenye kreni, neno la ulevi. Hakuongeza chochote wala hakupunguza. Yule mzee wa Riyadh akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mudiri, akamtazama, akaukusanya ukingo wa bishti yake usiguse ya mwenziwe.

Gari nililishusha. Lakini pembeni mwa gati kulikuwa na rundo la saruji iliyoganda, mifuko iliyotupwa tangu siku za msongamano, limeinuka kama nyumba. Nikaligeuza gari taratibu, nikaliweka kule juu, sawasawa, bila mkwaruzo hata mmoja. Nikalegeza mikanda, nikaifungua ndoano kwa kumwashiria baharia mmoja Mpemba aliyekuwa keshapanda juu ya rundo bila kuombwa. Kisha nikazima injini, nikashuka ngazi, nikaenda zangu.

Mkubwa wangu wa kigeni aliniita akaniuliza, "Injini mbovu?"

Nikasema, "Mbovu."

Nadhani alishahadithiwa. Wiki iliyofuata akanihamishia Riyadh, kwenye jengo, na waendeshaji wengine wote wa gati wakawa kila mmoja ana kazi ya haraka upande mwingine. Gari likakaa juu ya lile rundo, linapigwa na jua na chumvi, na watu wa Balad wakawa wanakuja mpaka kwenye uzio kulitazama. Binti yake aliolewa baadaye, na mtu mwingine. Yeye hakuwa na kosa, hilo nalijua, lakini siku ile sikuwa na nafasi moyoni ya kumpangia.

Nilipofika nyumbani jioni ya siku ile ya gari, mjomba alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekaa kitandani, uso wake hauko ukutani tena.

"Alisema kwa sauti?" akaniuliza.

"Kwa sauti, mjomba."

"Alisemaje? Sema kama alivyosema yeye."

Nikamwigizia. Akanitaka nirudie. Nikarudia, na mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi, anatabasamu tabasamu ambalo sikupata kuliona kwake. Mjomba alinirudisha nyuma kila nilipoharakisha. "Ngoja. Jasho lilikuwa linamtoka wapi? Bishti ilianguka bega gani?" Alikula maneno yale kama mtu aliyefunga siku nyingi. Hatukumwonea haya, wala hatukuona haya sisi.

Siku ya tatu wazee wa msikiti wakaja. Walibeba tende na halua, wakakaa, wakazungumza habari za hali ya hewa na za watoto. Kisha mkubwa wao akasema nafasi ya mjomba ipo pale pale, na mtaa umeikosa sauti yake.

Mjomba akaninong'oneza, ingawa kila mtu alisikia, "Waambie bado nimelewa."

Wakanyanyuka. Mama akawarudishia tende zao mlangoni. Mjomba aliswali nyumbani mpaka alipofariki, na nilipomzika Jeddah, wale wazee waliokuja makaburini niliwapa mkono kwa sababu ya mila tu.

Miaka ikapita. Nikaoa Riyadh, nikawa nawafundisha vijana kreni. Siku moja kijana mmoja aliyevaa vizuri alikuja mpaka kwenye jengo letu, akaniulizia. Alikuwa mtoto wa kiume wa mudiri. Babake alikuwa anaumwa, akasema, kalala hospitali Jeddah, hawezi kugeuka, na kila siku anawauliza wanawe kama nimepatikana.

"Anataka umsamehe, ammi," akasema. "Neno moja tu. Nina gari nje. Hata kwa simu, kama huwezi safari."

Alikuwa na adabu, masikini, na macho mekundu ya kukesha. Nikamkaribisha kivulini, nikamwagizia chai. Nikamuuliza habari za mamake. Kisha nikamwambia, "Aliyeumizwa kafa, na hakuniachia ruhusa hiyo."

"Lakini wewe je? Kwa upande wako?"

"Kwa upande wangu," nikasema, "mwambie nakumbuka kila kitu."

Akaiacha chai. Akasimama, akanipa mkono, nami nikaushika. Nikamtazama anavuka uwanja wa ujenzi, anaruka vyuma na madimbwi ya zege kwa viatu vyake vizuri, na nilipoona amekaribia sana chini ya mzigo nikampigia kijana wangu mluzi ausimamishe mpaka apite. Kisha nikaondoka kivulini, nikapanda juu, tukaendelea na kazi.